Nimeishi Ughaibuni Masaa Sita

Mimi nimewahi kuishi ughaibuni. Nimeishi huko masaa sita.

Msicheke. Wenzangu hukaa miaka kumi, wakarudi na begi la magurudumu na lafudhi mpya. Mimi nilirudi na karatasi moja yenye muhuri, pamoja na jambo ambalo mpaka leo sijamwambia mtu yeyote wa nyumbani kwetu.

Nalisema hapa kwa sababu hapa hamnijui.

Kazi yangu ni ushonaji. Nina banda, nina cherehani mbili na ovaloki moja kuukuu inayokata nyuzi ikijisikia. Ukija kwangu na kitambaa, kabla sijakuangalia usoni nimeshaangalia pindo la nguo uliyovaa. Hiyo tabia sijaiacha, na huko mbele mtaona ilinifikisha wapi.

Nina kaka mmoja. Yeye ndiye mkubwa, mimi namfuatia, na baada yangu mama hakuzaa tena.

Kaka aliondoka miaka sita iliyopita. Nyumbani tunamwita Bosi, maana mwaka wa pili tu alitupigia akasema amepewa cheo, anasimamia watu ishirini kwenye kiwanda cha nguo. Akatuma na picha. Kavaa suti, kasimama kwenye nguzo kubwa ya bluu, nyuma yake vioo vitupu. Mama akaitia fremu, akaitundika sebuleni mahali ambapo hata anayekuja kuomba chumvi lazima aione.

Mama alifariki mwezi wa pili.

Presha. Asubuhi alianguka jikoni na mwiko mkononi, mchana tukawa hatuna mama.

Siku ileile, kabla hata hatujajua jeneza litatoka wapi, baba mdogo akatukusanya chumbani.

"Bosi asiambiwe," akasema.

Nikamwambia, "Baba mdogo, ni mama yake."

"Ndiyo maana. Yule yuko peke yake nchi za watu. Ukimwambia kwenye simu, nani atamshika? Akijitupa barabarani je? Habari hii itapelekwa na mtu kwa miguu yake. Ataambiwa akiwa amekaa, ameshiba, na mkono wa ndugu uko begani."

Hakuna aliyebisha. Ndivyo tulivyolelewa. Msiba mzito humwambii mtu aliye mbali kwenye simu, unamficha mpaka utakapomwona uso kwa uso. Tunaona huko ndiko kumpenda.

Basi tukaanza kudanganya.

Bosi alikuwa anapiga kila Jumapili. "Mpeni simu mama."

"Mama kalala."

Jumapili nyingine, "Mama yuko bafuni." Nyingine, "Mama sauti imemkauka, kaambiwa asiongee."

Shangazi ndiye aliyekuwa bingwa. Siku moja alikwenda akasimama chumba cha pili, akakohoa kile kikohozi cha mama, ili Bosi asikie mama yupo. Simu ilipokatika tulicheka mpaka tukashika mbavu. Halafu shangazi akakaa chini akalia, na sisi wote tukalia.

Mtauliza, hamkuogopa simu ya video? Bosi mwenyewe alikuwa haitaki. Alisema kazini kwao kamera ni marufuku na nyumbani mtandao ni mbovu. Tukamshukuru Mungu, maana na sisi kamera hatukuitaka.

Miezi minne tuliishi hivyo.

Mjumbe nikachaguliwa mimi. Bosi alishaniahidi siku nyingi kwamba atanivuta, eti fundi kama mimi huko ana heshima zake. Baba mdogo akambana atume barua ya mwaliko. Akazungusha. Mwezi ujao, mwezi ujao. Baba mdogo akawa anampigia kila siku, mpaka kaka akachoka akatuma.

Viza ikatoka wiki ya tatu.

Nikampigia nikiwa narukaruka. "Kaka, nimepata!"

"Umepata nini?"

"Viza!"

Kimya.

"Una uhakika?"

"Imebandikwa kwenye pasipoti, naiangalia hapa."

"Ahaa," akasema. "Hongera."

Mimi nikajua ni mtandao.

Nikawarudishia wateja vitambaa vyao, nikafunga banda. Usiku wa mwisho nikamshonea kaka suruali. Kitambaa kizuri cha kijivu, kiuno nakijua kwa kichwa. Bitana ya mifuko nikaikata kwenye gauni la mama, lile la maua ya njano alilokuwa anavaa siku za kawaida. Nilipanga nikishamwambia, nimgeuzie mfuko aone.

Maagizo ya baba mdogo niliyashika kama sala.

"Uwanjani usimwambie. Akupeleke kwake, mle, mlale. Asubuhi mwandalie chai. Akishashiba ndipo umwambie akae."

Ndani ya ndege nilikuwa nafanya mazoezi midomo ikicheza. Kaka, kaa chini. Kaka, kaa kwanza. Abiria wa pembeni akadhani nasali, akaniachia sehemu ya kuwekea mkono.

Tukatua saa mbili asubuhi.

Jamani, kutua nchi usiyoijua wanakusimulia vibaya. Wanakwambia utashangaa majengo. Mimi nilishangaa bomba. Niliingia chooni, bomba halina pa kufungulia. Nikalipapasa, nikaligonga, nikaliinamia. Mama mmoja akaja akaweka mikono chini yake, maji yakatoka. Nikaweka yangu, yakakata. Nikatoka na sabuni mikononi.

Nikapanga foleni ya pasipoti.

Dirishani alikaa afisa mwenye nyusi nene zilizokutana. Sikujua jina lake, nikamwita Nyusi moyoni. Akauliza kitu kwa lugha yao. Nikatoa kikaratasi nilichoandikiwa na rafiki anayejua maneno mawili matatu, nikasoma, "Mwenyeji. Anakuja. Kunichukua."

Nyusi akachukua barua ya mwaliko, akapiga namba iliyoandikwa pale.

Ikaita mpaka ikakata.

Akapiga tena. Ikaita mpaka ikakata.

Akaniangalia. Akaita mwenzake, mwanamke mmoja aliyefunga nywele kisogoni. Yule mwanamke alinichukua taratibu tu, akaniketisha kwenye benchi la chuma. Akatoa karatasi, akachora ndege ndogo, pembeni akaandika saa nane, halafu akanielekezea kalamu mimi.

Nikaelewa. Mwenyeji asipotokea, narudi na ndege ileile.

Nikalishika begi langu kwa mikono miwili. Sikuwa nalilia maisha ya huko, mnielewe. Nilikuwa nawaza maneno niliyoyabeba. Nikirudi nayo, Bosi ataendelea kuuliza mama yuko wapi, na sisi tutaendelea kukohoa.

Kulikuwa na intaneti ya bure. Nikaandika, "Kaka nimefika, wamenizuia, wanataka wakuone."

Ujumbe ukasomwa.

Baada ya muda akajibu, "Niko njiani, kuna foleni."

Nikamwonyesha yule mwanamke simu huku nikitabasamu kama mjinga. Akatingisha kichwa, akaonyesha saa ya ukutani.

Nikasubiri.

Saa tatu. Saa nne. Nilikuwa na biskuti mbili, nikala moja. Ukumbi ulikuwa mkubwa na safi mpaka unaogopa kukanyaga. Nikaandika tena, "Kaka?" Ukasomwa. Hakuna jibu. Nikaandika, "Foleni gani hiyo?" Ukasomwa.

Pale ukumbini alikuwapo mfagiaji mmoja. Fulana ya kung'aa, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, barakoa imepanda mpaka kwenye macho. Anasukuma toroli lenye ndoo na madekio. Alinipita mara ya kwanza sikumjali. Mara ya pili macho yangu yakateremka kwenye pindo la suruali yake. Si nimewaambia tabia yangu?

Suruali ya kijivu, imepauka magotini. Mguu wa kulia umepindwa kwa uzi wa kijivu. Mguu wa kushoto umepindwa kwa uzi wa rangi ya damu ya mzee.

Mkono wangu naujua.

Ile suruali niliishona mimi, miaka sita iliyopita, jioni moja kabla kaka hajaondoka. Uzi wa kijivu uliniishia nikiwa nimebakiza mguu wa kushoto, maduka yameshafungwa. Nikamalizia na damu ya mzee. Kaka alicheka sana. "Kijiti, huko niendako wataniona mshamba wa mguu mmoja." Ananiita Kijiti tangu utotoni, kwa wembamba wangu.

Sasa sikilizeni upumbavu wa mtu anayempenda kaka yake.

Nilipoona ule uzi, sikushtuka. Nilifurahi. Nikasema moyoni, huyu Bosi ana roho nzuri jamani, yeye anavaa suti, suruali zake za zamani anawagawia wafagiaji. Hata nikapanga nitawasimulia nyumbani.

Nikamtabasamia yule mfagiaji.

Akageuza shingo upande wa pili, akadeki mahali ambapo alikuwa ametoka kudeki.

Ilipofika saa tano na nusu Nyusi na yule mwanamke wakaja wakaniingiza kwenye chumba kidogo cha vioo. Meza, kompyuta, mashine ya kuchapisha, muhuri. Viti vinne. Akaanza kuniuliza maswali, na kikaratasi changu kikaishiwa maneno kwenye swali la kwanza. Wakatazamana. Yule mwanamke akaonekana amekumbuka jambo, akafungua mlango, akampungia mtu mkono kule ukumbini.

Akaja yule mfagiaji.

Alisimama mlangoni na chupa ya dawa ya vioo mkononi. Nyusi akamwonyesha kwa kidole ashushe barakoa.

Akaishusha.

Nilisimama. Alikuwa amekonda. Ndevu zimeingia mvi pembeni. Lakini yule alikuwa kaka yangu, tumbo moja, ziwa moja.

Mdomo wangu ukafanya ulichozoea kufanya. "Shikamoo."

"Marahaba, dada," akasema. "Kaa."

Dada. Maisha yetu yote hajawahi kuniita dada.

Nikakaa. Kwenye fulana yake palining'inia kitambulisho. Jina lilikuwa la mtu mwingine. Na picha ilikuwa ya mtu mwingine, ana masikio makubwa na uso wa duara. Kwao sisi sote ni sura moja, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuuliza.

Nyusi akasema maneno yake. Kaka akanigeukia, uso mkavu, sauti imenyooka kama mtu anayesoma tangazo.

"Anauliza mwenyeji wako ni nani. Usinitaje. Kitambulisho hiki nimeazima. Wakijua, nimekwisha, na mwenye nacho amekwisha. Jibu chochote, wao hawaelewi."

Nilimwangalia. Yaani miaka sita, halafu hayo ndiyo maneno yake ya kwanza.

"Kiwanda kiko wapi?" nikamuuliza.

"Hakuna kiwanda, Kijiti."

"Na wale watu ishirini unaowasimamia?"

"Nasimamia sakafu hii, kutoka mlango ule mpaka ule. Tikisa kichwa, anakuangalia."

Nikatikisa kichwa. Kaka akamgeukia Nyusi, akasema maneno machache. Nyusi akaandika.

"Foleni uliyosema ni hii?"

"Nilikuwa nafikiri nifanye nini."

"Masaa matatu na nusu unafikiri, huku unadeki miguuni kwangu?"

Akahamishia chupa ya dawa mkono wa pili.

"Sasa kwa nini ulituma mwaliko?"

"Nilijua watakunyima viza," akasema. "Kila mtu wanamnyima. Nikaona nitume, baba mdogo aniache nipumue."

Wallahi nilitaka kucheka. Bahati yangu ya kwanza katika maisha, viza kutoka kwa wiki tatu, kumbe ndiyo iliyomuumbua kaka yangu.

Nyusi akagonga meza kwa kalamu, akauliza tena.

Kaka akasema kwa sauti ileile ya tangazo, "Anauliza umekuja kufanya nini. Sema umekuja kutembea. Watakurudisha tu, hakuna kesi, hakuna kufungwa. Nyumbani waambie hukuniona. Halafu nisikilize, usimwambie mama unachokiona hapa. Mwambie nitampigia Jumapili."

Mwambie mama.

Nataka mnielewe hapa, maana ndipo ninapojilaumu. Nilikuwa na maneno ya kusema. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi ndege nzima. Ningeweza kumwambia, kaka, vuta kiti kwanza. Ningeweza hata kunyamaza, nikarudi nayo nyumbani.

Lakini nilikuwa na hasira. Miezi minne tumemlinda mtu huyu kama yai. Tumemficha, tumemkoholea, tumekaa msibani tukipokezana simu ili asisikie vilio. Na yeye amenipita mara nne na dekio.

"Mama amekufa," nikasema.

Sikusema amefariki. Sikusema ametutoka. Nilisema amekufa, kama unavyosema kuku amekufa.

Uso wake haukubadilika. Naapa haukubadilika. Ni ile chupa ya dawa tu iliyotoa povu kidogo, kwa jinsi alivyoiminya.

"Lini?" akauliza, sauti ya mkalimani.

"Mwezi wa pili, tarehe tisa."

"Jumapili zote zile…"

"Tulikudanganya. Kikohozi kile ni cha shangazi. Baba mdogo alisema uambiwe ukiwa umekaa."

Akaangalia miguu yake.

"Sijakaa," akasema.

Hapo ndipo nikakiona kiti. Kilikuwa ubavuni kwake, kitupu, na tangu aingie hakuna aliyemwambia akae. Hata mimi.

Nyusi akauliza kitu, akinyoosha mkono kwangu, kama anasema, ndiyo, amejibu nini? Maneno yangu yalikuwa mengi na machozi yalikuwa yameshaanza kunitoka.

Kaka akamgeukia. Akasafisha koo. Akasema maneno machache, polepole, kwa adabu. Mimi nilisema mengi, yeye akasema machache, nikadhani labda lugha yao ni ya mkato.

Nyusi akaitikia kwa kichwa, akaandika, akachapisha, akagonga muhuri. Nikaweka saini pale aliponionyesha. Yule mwanamke akanipa kitambaa cha karatasi nijifute. Nikajipa moyo, nikasema wameelewa, ni watu, hata kama watanirudisha watakuwa wamejua nilikuja na msiba.

Kabla hajatoka nikafungua begi, nikatoa ile suruali.

"Mwambie ni zawadi ya mkalimani, kwa kunisaidia."

Akawaambia. Yule mwanamke akaipapasa kiunoni na kwenye mifuko, hakuona kitu, akampa. Kaka akaikunja, akaenda kuiweka kwenye toroli, chini ya matambara.

Halafu akaambiwa aendelee na kazi.

Akapandisha barakoa. Akachukua kitambaa, akaanza kufuta vioo vya chumba kilekile nilichokaa, kwa nje. Akafuta mahali pamoja. Akapuliza dawa, akafuta palepale. Hakuna doa. Alifuta mahali pale mpaka walipokuja kunichukua kunipeleka kwenye ndege, na nilipopita karibu naye sikumuaga.

Saa nane ndege ikaondoka.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja mfanyabiashara, mtu wa lugha yetu, anayekwenda huko kila baada ya miezi michache kufuata mzigo. Akaniona na ile karatasi.

"Wamekurudisha, mwanangu?"

"Wamenirudisha. Hebu nisomee, mama, wameandikaje ule msiba."

Akavaa miwani. Akasoma kimya. Akarudia.

"Msiba gani?"

"Wa mama yangu. Niliwaambia."

Akaniangalia kwa huruma, akaanza kunitafsiria huku akipitisha kidole.

"Hapa wameandika, msafiri, kupitia mkalimani, amesema amekuja kutembea. Amesema mwenyeji wake hakutokea. Amesema hana ndugu yeyote katika nchi hii, na ameridhia mwenyewe kurudishwa."

"Hapo kwenye ndugu, rudia."

"Hana ndugu yeyote."

Nikaomba nipewe karatasi yangu.

Nilikuwa nimekaa pale nikimwambia mama yake amekufa, na yeye, kwa kinywa kilekile kilichoniuliza lini, akageuka akawaambia kwamba mimi nimekuja kutalii na sina mtu. Alilitamka bila kumeza mate. Mpaka leo sijui niuite ukatili au woga. Siku nyingine naona ni vyote, nalala nikiwa nimemkasirikia, naamka namuonea huruma, halafu naanza upya.

Nilipofika nyumbani niliwakuta wote sebuleni. Nilikuwa natafuta pa kuanzia. Shangazi hakunipa nafasi.

"Wewe mtoto ulikaa wapi?"

"Wapi lini?"

Akaniwekea simu usoni. Kundi la familia. Ujumbe wa Bosi, ameutuma saa kumi ya siku ileile, masaa mawili baada ya ndege yangu kuondoka.

"Nimekuwa hapa uwanjani tangu alfajiri mpaka miguu inawaka moto. Kijiti sijampata. Kama mna habari zake niambieni. Msalimieni mama."

Nilisoma mara mbili.

Kila neno lilikuwa kweli mpaka unapofika kwenye jina langu. Alikuwa uwanjani. Miguu ilikuwa inawaka moto, nina hakika.

"Masikini ya Mungu," shangazi akasema. "Mwenzio kakungoja siku nzima, wewe umekwenda kujibanza sijui wapi."

Ningefungua mdomo, angeumbuka. Kitambulisho cha kuazima, dekio, kiwanda hewa, vyote mezani. Na wangeuliza, umemwambia? Ningejibu ndiyo. Ulimwambiaje? Amekaa? Ameshiba?

"Hatukuonana," nikasema.

Baba mdogo akashusha pumzi. "Basi atakwenda mwingine, Mungu akijalia. Habari ile bado haisemwi kwenye simu."

Ukutani, ndani ya fremu ya mama, Bosi alikuwa kasimama na suti yake. Nguzo ya bluu, vioo nyuma. Niliitambua ile nguzo. Benchi langu lilikuwa chini yake.

Jumapili ikafika. Simu ikaita, shangazi akaiweka sauti kubwa katikati ya meza.

"Shikamooni wote."

"Marahaba, Bosi wetu! Habari za kazi?"

"Kazi nzuri. Watu wananisumbua tu, si mnajua kusimamia watu."

Wakacheka. Wakampa pole kwa kunikosa. Akaniulizia, wakamwambia nipo hapa, nimekonda. Akacheka kidogo. Halafu ikafika pale ambapo hufika kila Jumapili.

"Mpeni simu mama."

Shangazi akaisukuma simu upande wangu. Nadhani wote walikuwa wamechoka. Macho yakanigeukia mimi.

Nikavuta simu. Nikasikia anapumua. Nyuma yake nikasikia magurudumu ya toroli yakipita.

Yeye anajua. Mimi najua kwamba anajua. Na watu saba wamekaa pale hawajui.

"Mama kalala, kaka."

Yale magurudumu yakasimama.

"Haya," akasema. "Msimwamshe."

Akakata.

Ndugu zangu mnaosoma, mimi si mtu wa mawaidha, lakini hili nimelilipia. Kama una mtu wako mbali na msiba umetokea, mpigie. Mpigie siku hiyohiyo, alie barabarani, alie chooni, alie mbele ya bosi wake, ni kilio chake. Ukimwekea, hujui utakuja kumtupia wapi na kwa moyo gani. Na wewe uliye huko, kama unadeki, waambie unadeki. Mama yangu angeifurahia hiyo habari. Alideki nyumba za watu akatulea, wala hakuwahi kuona haya.

Sasa ni wiki ya tano. Kila Jumapili anauliza, kila Jumapili najibu. Shangazi amestaafu kukohoa.

Kesho ni Jumapili. Baba mdogo keshasema simu nipokee mimi, eti nyumba nzima hakuna anayejua kumdanganya Bosi vizuri kama mimi.